Jina la Mahali na Haki ya Picha: Isiolo katika Filamu

Wapenzi wa filamu wana mazoea mawili ambayo mhakiki wa fasihi hana haki ya kuyacheka, kwa kuwa ni mazoea yake mwenyewe. Zoea la kwanza ni kuuliza mwelekezi amejifunza kwa nani: picha ile ya mtu anayetokomea jangwani ameirithi wapi, na ukimya ule unaotangulia mlio wa bunduki ulikuwa wa nani kabla haujawa wake. La pili ni kuuliza picha zenyewe zilipigwa wapi. Wako watu wanaosafiri maelfu ya kilomita ili wasimame mbele ya nyumba, daraja au kilima walichokiona katika sinema, na wakishafika hurudi nyuma hatua tatu, wakasogea kushoto kidogo, hadi mandhari yaliyo mbele yao yalingane na yale waliyoyabeba vichwani. Aghalabu maswali haya huhesabiwa kuwa udadisi tu, burudani ya watu wenye nafasi. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la mahali ni swali la maadili, na kwamba anayelifuata hadi mwisho wake hujikuta amelijibu na lile la athari, kwa namna ambayo hakuitarajia. Mfano utakaotumiwa ni wa Isiolo, mji ambao jina lake limesafiri duniani kwa sababu ya simba mmoja.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili haingii katika mjadala huu mikono mitupu. Kaburi linalosemwa kuwa la Fumo Liyongo huonyeshwa Kipini, karibu na mlango wa Mto Tana, na wapo waliokwenda kulizuru wakiwa wamekwisha kulijua kwa ushairi kabla ya kuliona kwa macho. Shaaban Robert, kwa upande wake, alipotaka kuzungumzia dhuluma ya watawala katika Kusadikika (1951), aliiweka nchi hiyo angani, mahali ambapo hapana msafiri anayeweza kwenda kupima kama maelezo yanalingana. E. Kezilahabi akafanya kinyume chake: Rosa Mistika (1971) imetia mizizi Namagondo, kijiji halisi cha Ukerewe na kitovu cha mwandishi mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watunzi hawa anayeweza kushtakiwa kwa uongo. Anayebuni nchi isiyokuwapo hamdanganyi mtu, maana ametangaza ubunifu wake tangu jina. Anayeitaja nchi iliyopo naye amejitwika mzigo fulani mbele ya wenyeji wake, na Kezilahabi aliubeba. Uko utaratibu wa tatu, ambao fasihi andishi haiutumii sana kwa sababu neno halina haja ya jua wala barabara, bali filamu huutumia kila siku: kulitwaa jina la mahali halisi, kisha kuonyesha mahali pengine.

Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, ofisa wa Idara ya Wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Nyuma ya simba huyo walipatikana watoto watatu. Wawili walipelekwa baadaye katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na wa tatu, Elsa, akalelewa na Adamson na mkewe Joy hapo Isiolo, kisha akafunzwa kuwinda na kurudishwa porini katika eneo ambalo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa karibu na Mto Ura. Joy Adamson alikwisha kuchapisha habari hizo mwaka 1960 katika kitabu Born Free, yaani "mzaliwa huru". Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na filamu yake, iliyoelekezwa na Mwingereza James Hill, ikatoka mwaka 1966. John Barry alipata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake, moja ikiwa ya wimbo alioutunga pamoja na Don Black. Virginia McKenna na Bill Travers, mke na mume katika maisha yao ya kweli, waliigiza kama Joy na George.

Nyumba ya Isiolo inayoonekana katika filamu haikuwa Isiolo. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa Naro Moru, magharibi mwa Mlima Kenya, katika miaka ya 1964 na 1965. Kati ya Isiolo na Naro Moru kuna safari ya takriban kilomita 100 kwa barabara, lakini tofauti ya nchi hizo mbili haipimwi kwa kilomita. Isiolo iko kwenye mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya joto, ya migunga na vumbi, ambako ng'ombe, ngamia na mbuzi hufuata mvua. Naro Moru iko juu zaidi kwa karibu mita 900, ina baridi, ina mito ya barafu iliyoyeyuka, na wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi na kituo cha reli. Mpenzi wa filamu anayefika Isiolo na picha ya nyasi zile za kijani kichwani hatazipata.

Je, hili ni kosa? Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ndiyo. Lakini Aristotle alikwisha kutofautisha kazi ya mshairi na ya mwanahistoria, na tofauti hiyo inatosha kuilinda nyumba ya Naro Moru. Sanaa haina wajibu wa kupiga picha ya udongo uleule. Jukwaa la tamthilia ni mbao tupu, nasi hukubali kwamba ni ikulu. Hadhira ya ngano inakaa uani, nayo hukubali kwamba yuko msituni na Sungura. Ikiwa mlima ulitoa mwanga mzuri zaidi na maji ya kutosha kwa simba wengi, basi mlima ulikuwa haki ya mwelekezi. Kosa, kama lipo, litafutwe kwingine: katika kile kilichoachwa njiani wakati jina lilipohamishwa kutoka bondeni kwenda mlimani.

Kilichoachwa njiani kina sura ya mtu. Katika kitabu, safari iliyomfikisha Adamson kwa mama yake Elsa ilianza kwa sababu simba mla watu alikuwa amemuua Mborana. Mborana huyo hana jina katika masimulizi, bali ana kabila, na kabila lake lamfunga na nchi: msomaji anajua kwamba hapa ni kwa Waborana, wafugaji wa Ewaso Nyiro, wala si "Afrika" kwa jumla. Filamu inafunguka na mwanamke anayefua nguo mtoni, simba akimnyemelea. Mwanamke huyo angeweza kuwa wa mto wowote wa bara hili. Badiliko hili ni dogo machoni pa mtazamaji wa London, na huenda mwandishi wa mswada hakulifikiria hata kwa dakika moja, akiona tu kwamba mwanamke na maji huleta picha nzuri kuliko mchungaji na vumbi. Hata hivyo, ndilo badiliko zito kuliko la nyumba. Nyumba ilihamishwa ikabaki nyumba, ilhali Mborana alipohamishwa alitoweka. Wenyeji wengine wanaobaki katika filamu ni Nuru na Makkede, watumishi walioigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati, na wanakijiji wanaoonekana pale wanyama wanapowadhuru. Kazi yao ya kisimulizi ni moja: kuwa sababu. Wanauawa ili safari ianze, wanalalamika ili Elsa afukuzwe. Baada ya hapo hadithi haina haja nao tena.

Hapa ndipo tarehe zinapoanza kusema. Mwaka 1956, Elsa alipoletwa Isiolo akiwa hajafumbua macho vizuri, mji huo ulikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelifunga eneo hilo tangu 1926. Mgeni hakuingia bila kibali, na kwa sheria ya 1934 wenyeji wenyewe wangeweza kuwekewa mipaka ya malisho wasiyoruhusiwa kuivuka. Katika miaka hiyohiyo Elsa alisafiri juu ya paa la Land Rover hadi Kiunga, ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Huo si uzushi wa mhakiki anayetafuta kinaya, maana safari hiyo imo katika kitabu, na Joy Adamson anaisimulia kwa furaha ya mtu asiyeona ajabu yoyote ndani yake. Simba alikuwa na uhuru wa barabara katika nchi ambayo mfugaji wake alihitaji cheti ili apeleke ng'ombe wake mtoni.

Uhuru wa Kenya haukuifungua nchi hiyo. Juni 1963 Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mwisho wa Desemba ya mwaka huohuo, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini kwa sababu ya vita vilivyokuja kuitwa vya shifta, vya wale waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Vita hivyo viliendelea hadi 1967. Waborana wengi wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, Garba Tulla na Merti vikiwa miongoni mwavyo. Mifugo ilitwaliwa, ikapigwa risasi, au ikafa kwa kuzuiwa malisho, na ngamia, ambao askari waliwaona kuwa vyombo vya kuwabebea adui mizigo, waliteketezwa kwa namna iliyowafanya watu waliokuwa matajiri waamke mafukara. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendwa kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kanuni za dharura zenyewe ziliondolewa mwaka 1991. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, mambo haya yalikuwa yamekaa karibu nusu karne bila kusemwa rasmi.

Basi filamu iliyotamka jina la Isiolo ilipigwa, ikahaririwa, ikaonyeshwa mbele ya Malkia wa Uingereza na kupata tuzo zake katika miaka ileile ambayo Isiolo yenyewe ilikuwa chini ya amri ya kijeshi. Isisemwe kwamba James Hill alikuwa na wajibu wa kutengeneza filamu kuhusu vita vya shifta. Hilo lingekuwa kumdai mtu deni asilokopa. Wala haifai kusema kwamba watazamaji waliolia Elsa alipoachiliwa walikuwa watu wenye mioyo migumu. Machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini tungo yenye kichwa "Mzaliwa Huru" inayotumia jina la mahali hujenga, itake isitake, picha ya uhuru wa mahali hapo, na picha hiyo ikishajengwa inakalia nafasi. Kwa mamilioni ya watu, neno Isiolo lilikwisha kupata maana yake kabla Mborana hajapata nafasi ya kulisema. Hayo ndiyo madhara ambayo haki ya ubunifu haiwezi kuyafunika.

Turudi sasa kwenye swali la athari. Wanaomjua Hill hukumbusha kwamba kabla ya Elsa alikuwa mtu wa filamu za hali halisi, na kwamba alipata tuzo ya Oscar kwa filamu fupi Giuseppina, iliyotoka 1960. Filamu hiyo haina tukio kubwa lolote. Binti mdogo wa mwenye kituo cha petroli huko Italia amenyimwa ruhusa ya kwenda kwenye sherehe, na baba yake anamwambia kwamba hapo alipo pana mengi ya kutazama. Magari yanakuja, watu wanashuka, wananunua mafuta, wanagombana, wanapendana, wanaondoka. Kamera imetulia kama aliyeketi barazani. Ukiitazama kazi hiyo kisha ukaitazama Born Free, huna shaka mkono ni ule ule. Simba hawakulazimishwa kucheza michezo ya sarakasi. Walingojewa. Mtengenezaji wa filamu alikaa nao miezi mingi, akasubiri jambo litokee lenyewe, akalinasa. Ule utulivu wa Giuseppina ndio uliomtengeneza Elsa wa sinema.

Tofauti ni kwamba huko Italia utulivu huo walipewa watu. Hapa jibu la swali la athari linageuka kuwa hoja ya maadili, nalo linachoma zaidi ya malalamiko ya kawaida kuhusu filamu za wageni. Ingekuwa Hill hakujua namna ya kumtazama mtu wa kawaida kwa subira na heshima, tungesema kwamba alishindwa. Lakini alijua, na miaka michache tu kabla alikuwa amewatazama hivyo wanunuzi wa petroli hadi dunia ikamtuza. Alipofika Kenya, subira ile yote aliielekeza kwa simba, na wenyeji akawatazama kwa haraka kama mtu anayepita na gari. Mtu huhukumiwa kwa kipimo anachokimiliki, na Hill alikuwa na kipimo kizuri.

Athari nyingine ilijificha katika orodha ya majina ya watengenezaji. Mswada wa Born Free umeandikiwa Gerald L.C. Copley, mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mwandishi wa kweli alikuwa Lester Cole, mmoja wa wale kumi wa Hollywood waliofungwa Marekani baada ya kukataa kuieleza kamati ya Bunge kuhusu siasa zao, ambaye kwa miaka mingi hakuajiriwa kwa jina lake mwenyewe. Carl Foreman, aliyekuwa msimamizi mkuu wa utengenezaji, naye alikuwa ameiacha Marekani kwa msukosuko huohuo. Kwa hiyo nyuma ya kisa cha simba anayefunguliwa yuko mwandishi aliyefungiwa jina. Mtu anayelijua hili hawezi kuisikia mijadala ya Joy na George juu ya kumpeleka Elsa katika bustani ya wanyama kwa sikio lile la zamani, maana swali la kama maisha ya salama ndani ya uzio ni maisha lina historia ya mtu ndani yake. Na bado Cole, aliyejua vizuri sana maana ya kufutwa jina, ndiye aliyeandika mswada ambamo Mborana hayumo. Si kumlaumu. Ni kuonyesha tu kwamba kudhulumiwa hakumpi mtu macho ya kuona kila dhuluma.

Pana jambo moja ambalo utengenezaji wa filamu hii ulilifanya kwa simba wenyewe, nalo haliwezi kurukwa. Elsa wa sinema aliigizwa na simba wengi. Kazi ilipokwisha, George Adamson, aliyekuwa mshauri wa filamu, aliomba wasirudishwe kwenye vizimba. Alikubaliwa wachache, wakiwamo Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru kuwafunza kuishi porini. Wengine wengi walisambazwa katika bustani za wanyama. Filamu iliyoililia dunia kwamba simba hakuzaliwa kwa ajili ya kizimba iliwaacha waigizaji wake kizimbani. McKenna na Travers hawakulisahau jambo hili. Pamoja na Hill walitengeneza filamu nyingine kuhusu simba waliopata bahati ya kurudi porini, na mwaka 1984, baada ya kifo cha ndovu aliyeitwa Pole Pole katika bustani ya London, ndovu ambaye waliwahi kuigiza naye Kenya, walianzisha shirika la kupinga kufungiwa kwa wanyama. Boy naye alikuwa na mwisho wake: mwaka 1971, huko Kora, alimuua mfanyakazi mmoja wa Adamson, na Adamson akampiga risasi. Filamu ya pili ya kweli ilikuwa imejiandika yenyewe, ikiwa na mwanzo uleule wa ile ya kwanza, mwenyeji aliyeuawa na simba, isipokuwa hapakuwa na mwelekezi wa kuipa muziki.

Mpinzani wa hoja hii anaweza kusema kwamba dawa ni rahisi. Filamu na zipigwe mahali palipotajwa, wenyeji wataonekana, jina na nchi vitakutana. Isiolo inayo majibu ya hili pia. Mbuga ya Shaba, yenye eneo la kilomita za mraba 239, imo ndani ya Isiolo. Katikati ya mwaka 2001 kampuni ya televisheni kutoka Marekani iliweka kambi huko kutengeneza awamu ya tatu ya mashindano ya Survivor. Washindani 16 waligawanywa katika makundi mawili yaliyoitwa makabila, wakafunzwa uhaba wa maji, wakashindania dola milioni moja. Safari hii hapakuwa na Naro Moru ya kusimama badala. Udongo ulikuwa wenyewe, joto lilikuwa lenyewe, miiba ilikuwa yenyewe. Na majina ya makundi hayo mawili yalikuwa Boran na Samburu.

Mborana aliyeachwa njiani mwaka 1966 alikuwa amerudi, akiwa rangi ya kitambaa. Waborana na Wasamburu ni majirani wa kweli katika bonde hilo. Wamechangia visima na wameoana, na wamegombea malisho hadi damu ikamwagika zaidi ya mara moja. Kuyatwaa majina yao na kuwavika Wamarekani waliokuja kupigiana kura si kosa la ujinga wa mahali, maana waliofanya hivyo walijua walipo. Ni kosa la kuamini kwamba jina la watu ni mali ya umma, sawa na jina la kilima. Ukweli wa udongo haukuleta ukweli wa watu. Ulipaka rangi tu, na kwa kiasi fulani uliongeza uzito wa kosa, kwa sababu yule aliyekuwa Naro Moru angeweza kusema kwamba hakumwona Mborana, ilhali aliyekuwa Shaba alimwona. Ni haki kuongeza kwamba baadhi ya washindani waliguswa na waliyoyaona katika hospitali ya Wamba, na mshindi wao, Ethan Zohn, alishiriki baadaye kuanzisha shirika linalotumia soka kupambana na UKIMWI barani. Mtu mmoja mmoja aliweza kuyaona yale ambayo mchezo wenyewe haukuundwa uyaone.

Kwa hiyo pale mpenzi wa filamu anapouliza "picha hii ilipigwa wapi?", anauliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: kamera ilipogeukia huku, ilimpa nani kisogo? Kipini hapana tatizo hili, kwa kuwa wanaomwonyesha mgeni kaburi la Liyongo ndio haohao wanaosimulia habari zake, na picha na mahali viko mikononi mwa mtu mmoja. Mgeni anayefuata nyayo za Elsa huongozwa njia nyingine. Hupelekwa kwenye kaburi lake Meru, na kwenye nyumba ya Adamson ya Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha. Huenda akafika hata Shaba, ambako Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 alipokuwa akimfunza chui kuishi porini. Habari za mwanzo zilisema ameuawa na simba, na dunia iliziamini mara moja, kwa sababu ndiyo hadithi iliyokuwa imekwisha kuijua. Ilikuja kuthibitika kwamba aliuawa na mtu, na kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa kosa hilo. Hata katika kifo, maadamu kilitokea Isiolo, simba alitafutwa kwanza na mtu baadaye.

Katika mji wenyewe hakuna kibao kinachomwongoza mgeni huyo. Shule na mtaa vina jina la Wabera, na pengine atapita mbele ya jina hilo bila kujua kwamba amepita mbele ya miaka ileile anayoifuatia. Atasimama kununua mafuta, kwa kuwa kila anayekwenda Marsabit na Moyale husimama Isiolo. Kituo cha petroli kiko kando ya barabara kuu. Malori ya mifugo yanaingia kutoka kaskazini, magari ya mirungi yanashuka kutoka Meru, mwanamke wa Kiborana anauza maziwa ya ngamia katika mitungi ya plastiki ya manjano, mzee wa Kisomali ametandika mkeka wa sala nyuma ya duka la vipuri, kijana wa Kiturkana anafuta kioo cha gari bila kuagizwa, na msichana mdogo, binti wa mmoja wao, ameketi juu ya tairi kuukuu akiwatazama wote.

James Hill aliijua filamu hiyo. Alikuwa amekwisha kuitengeneza.